Usukani Ulikuwa Kushoto

Kaka Lusekelo,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Yule mtoto wa shule aliyeonekana ndani ya gari jekundu la Kiitaliano pale Mlowo ni mimi. Uliniambia nisiseme, nikanyamaza. Ukafa, nikaendelea kunyamaza. Sasa kunyamaza kwangu kumefika mahali pabaya, na nina hasira ambayo sijui niiweke wapi. Ndiyo maana nakuandikia wewe. Wewe angalau hutanikatiza.

Kwanza nikueleze mambo yalivyo huku, maana uliondoka hujaona lolote. Wifi Neema amejifungua. Ni mtoto wa kiume. Ana masikio yako, yale yaliyosimama kama vishikio vya sufuria. Mama akimbeba anayashika yale masikio, moja baada ya jingine. Jumamosi hii tunakusanyika Iyula kwa Shangazi ili mtoto apewe jina. Unajua katika ukoo wetu jina linatoka mdomoni mwa shangazi, na likishatoka limetoka. Sote tulijua ataitwa Lusekelo. Mtoto amezaliwa baba yake yuko kaburini, aitwe nani tena? Wifi alishaanza kumwita hivyo akimnyonyesha.

Shangazi amekataa.

Alimwambia Mama huku anachambua kahawa, hata kichwa hakuinua. "Jina hilo lipumzike, wifi yangu. Lina mbio. Sitaki mjukuu wangu afuatwe na mbio za baba yake." Anataka aitwe Emanueli. Ni jina zuri, sina ugomvi na Emanueli. Ugomvi wangu ni na hiyo sababu.

Sababu yenyewe ilianza kwenye msiba wako. Tulikuwa tumekaa kwenye mikeka, wewe ukiwa umelala ndani, hata kaburi halijachimbwa likaisha. Mama mmoja akauliza ilikuwaje. Shangazi akajibu, na unamjua Shangazi, hana sauti ya chini:

"Mimi nilishamwona kwa macho yangu haya. Pale Mlowo, kwenye tuta la sokoni. Gari jekundu, limelala chini kama limekanyagwa. Ndani mtoto wa shule, kichwa kimenyolewa, kashika usukani kwa mikono miwili! Na Lusekelo kakaa pembeni anacheka. Haya, niambieni. Mtu anayempa mtoto usukani, si alikuwa anakitafuta kifo?"

"Yesu wangu," wakasema wenzake.

"Na mama yake alijua?" akauliza mmoja.

Mama alikuwa hapo hapo, Kaka. Alisikia. Alijifunika uso kwa kanga, na mimi nilikuwa nyuma yake, kitambaa nimekifunga mpaka kwenye nyusi ili mtu yeyote asione kichwa changu kilichonyolewa. Nilifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Wewe ulizoea kusema mimi naweza kusoma kitabu kizima bila kupumzika lakini siwezi kumwambia kondakta anishushe. Ndivyo ilivyokuwa.

Tangu siku hiyo maneno yale yana miguu. Yametoka Iyula yakafika Mlowo, yakafika Tunduma. Njiani wameyaongezea. Sasa eti ulikuwa unashindana na mabasi. Eti lile gari la Kiitaliano lilikulevya mwendo, ukaanza kuyaendesha na haya mengine kama lile. Juzi nimepita kijiwe cha bodaboda, kijana mmoja akamwambia mwenzake, "Huyo ni mdogo wake yule wa mbio." Wa mbio! Wewe, uliyekuwa ukisimamisha gari ili bata wavuke.

Sasa nisikilize, nitasimulia siku ile ilivyokuwa. Wewe unaijua, lakini ninahitaji kuiandika yote sehemu moja kabla ya Jumamosi.

Tulikuwa tumefunga shule. Ulimpigia matroni ukamwambia nikusubiri barabarani, unapita na gari la safari. Nilijua litakuwa gari la kawaida, kama yale uliyoyatoa Dar kila mara kuyaleta mpakani yavushwe kwenda Zambia na Kongo. Nikasimama na begi langu la vitabu, ndoo yangu ya bluu na tranka. Kilichokuja kilikuwa chini kiasi kwamba nilikisikia kabla sijakiona. Kilinguruma kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema jambo zito. Ukafungua mlango wa upande usio wa kawaida, ukasema, "Profesa, ingia. Tranka haliingii. Hata Mungu hawezi kuliingiza."

Tranka tukaliacha kwa mama muuza vitumbua. Begi likaingia mbele, mahali ambapo magari mengine yana injini. Ndoo ikabaki. Ulitaka tuiache na yenyewe, nikakataa, kwa sababu ndoo ikiachwa haionekani tena na mimi ndiye nitakayeoga kwa kopo muhula mzima. Kwa hiyo nilikaa kwenye kiti cha ngozi kinachonukia kama Biblia mpya, kwenye gari ambalo matajiri wanaliota, nikiwa nimepakata ndoo.

Ndipo ukanieleza. Gari lilikuwa linaenda kwa tajiri mmoja Lubumbashi. Bosi wako alimwahidi kwamba halitagusa lami yetu hata kidogo, litabebwa juu ya lori mpaka upande wa pili. Lori likaharibika Mbeya. Bosi akatafuta dereva wa kulileta mpakani kimyakimya, na katika madereva wake wote akakuchagua wewe. Ulicheka ulipokuwa unaniambia sababu yake. "Kasema, Lusekelo, wewe unaendesha kama umebeba mayai. Kalibebe hili." Akaagiza pia uchomoe waya wa kuhesabia kilomita, ili safari ile isionekane popote. Ulinionyesha namba zilizoganda. "Hizi kilomita ni zetu wawili, Profesa," ulisema. "Hazimo duniani."

Nilikuuliza kwa nini watu wanalipenda gari ambalo haliwezi kubeba hata tranka. Ukasema niteremke nilitazame. Ukasimama pembeni, tukalizunguka. Ukaniambia bati lake lilipigwa kwa nyundo, na watu, sio mashine, ndiyo maana bega la kushoto na bega la kulia hayalingani sawasawa, kama uso wa mtu. Nilipiga magoti nikaangalia, na ni kweli, hayakulingana. Nakumbuka niliacha kuliona kama kitu cha kujivunia. Niliona mikono ya watu. Taa zake zilifichwa, ukibonyeza zinainuka kama mtu aliyeamshwa. Na ile gia, fimbo ya chuma inayotembea kwenye njia zake zilizo wazi, klak, klak. Ulinipa niisogeze mara moja gari likiwa limezimwa. Mara moja tu. Usukani wenyewe hukuniruhusu kuugusa, hata kwa kidole.

Kisha ukanitajia nasaba yake kama mchungaji anavyosoma wale waliozaa wale. Daktari wa meno wa Italia akalinunua likiwa jipya, daktari akamwachia mwanawe, mwanawe akamwuzia Mjapani, Mjapani akalifungia ndani kama mwali, wanawe wasiojua kuendesha wakamwuzia tajiri wa Lubumbashi. Ulisema magari ya aina ile yalitengenezwa machache sana, na kinachoyapa thamani si mbio. Ni kwamba kila mtu aliyeyagusa anajulikana. "Gari lisilojulikana lilikotoka," ulisema, "hata liwe zuri vipi ni bati."

Na mwendo je? Acha nicheke kwa hasira. Bodaboda zilitupita. Fuso la mahindi lilitupita. Kila tuta ulisimama, ukashuka, ukapima kwa kiganja, ukaniambia nishuke na ndoo yangu gari lipungue uzito, halafu ukalivusha kimshazari, gurudumu moja moja, kama unamvusha bibi mtoni. Mama mmoja mwenye ndizi kichwani alitupita mara mbili.

Tulipofika tuta la sokoni Mlowo ulisema, "Haya, shuka." Watu walikuwa wengi. Walishaanza kutuzunguka. Nikakataa. Nilisema nitakufa kwa aibu. Nikainua ndoo mpaka kwenye pua, nikaishika ukingo wake kwa mikono miwili nikajificha nyuma yake, na wewe ukaanza kunicheka, ukacheka mpaka machozi, huku unalivusha lile gari taratibu na mkono wako wa kushoto ukining'inia dirishani.

Hapo ndipo Shangazi alipotuona. Alisimama mbele, ng'ambo ya tuta. Aliona mtoto upande wa kulia, ameshika kitu cha mviringo kwa mikono miwili. Aliona wewe upande wa kushoto, unacheka. Maisha yake yote ameona magari ambayo dereva anakaa kulia. Akahesabu alichokiona, akapata jibu lake, akalitunza, akalileta msibani kwako.

Tunduma tuliliingiza kwenye yadi. Dereva mmoja wa Nakonde, upande wa Zambia, alilizunguka akastaajabu kwa lugha ya kwao, "Awe mukwai, hii ni gari au ni kiatu?" Mkacheka wote. Kisha ukanishika bega. "Profesa, usimwambie mtu ulipanda. Hata Mama. Tukisikika, bosi ataninyima kazi." Nikasema sawa. Nimesema sawa mara nyingi sana katika maisha yangu, lakini hiyo ndiyo ninayoijutia.

Sijui ulikufaje kwenye ile ajali ya Senjele. Sitadanganya kwamba najua. Lilikuwa gari dogo la kawaida, kulikuwa na ukungu, na lori lilikuwa limeegeshwa njiani bila taa. Hayo ndiyo niliyoyasikia. Sikuwepo. Lakini nilikuwepo kwenye lile lingine, na najua ulivyokuwa ukishika usukani. Nina hasira na wewe pia, Kaka. Uliondoka alfajiri hukumsubiri hata Wifi aamke. Uliniachia siri ya mtu ambaye hakustahili kutunziwa.

Kwa maana bosi wako alikuja msibani. Alileta mchele na sabuni. Mama alimwuliza mbele yangu, kwa sauti ndogo, "Mwanangu alikuwa akikimbiza magari?" Neno moja tu lilihitajika. Alikuchagua kwa sababu ya mwendo wako wa mayai! Akatazama simu yake akasema, "Alikuwa kijana mchangamfu, mama. Tumwachie Mungu." Akapanda gari lake akaondoka. Angesema ukweli, tajiri angejua kwamba gari liligusa lami. Akaona ni afadhali Mama abaki na jina la mbio kuliko yeye kubaki na jina la uongo.

Na bado sijamaliza. Mwezi uliopita, kwenye kompyuta ya shule, nilitafuta lile gari. Sikuwa na nia mbaya, nilitaka tu kuona taa zake zikiinuka. Nikalikuta linauzwa. Nimelijua kwa mabega yake yasiyolingana, na kwa mkwaruzo mwembamba kwenye ukanda wa chuma chini ya mlango wa abiria, mahali waya wa ndoo yangu ulipokuwa ukigonga kila niliposhuka na kupanda. Wauzaji wameupiga picha kwa karibu. Wameandika kwamba ni alama ya umri wake, na kwamba mnunuzi mwenye busara ataiacha ilivyo. Wameandika nasaba yote: daktari, mwana, Mjapani, tajiri. Wameandika kwamba Afrika lilibebwa kwenye lori mwanzo hadi mwisho na halikuongeza kilomita hata moja.

Niliisoma nikiwa na kamusi pembeni, neno kwa neno, ili nisije nikakasirika kwa kukosea kuelewa. Sikukosea. Mkwaruzo wa ndoo yangu una sifa yake. Wewe hupo. Bati linajulikana lilipozaliwa na nani alilifungia wapi na kwa miaka gani alilipaka nta, na mtoto wako aliye na masikio yako anakatazwa jina la baba yake kwa sababu mtu aliona ndoo.

Niliwaandikia. Kwa Kiingereza changu cha shule niliwaambia kwamba kutoka Mbeya hadi Tunduma gari lile liliendeshwa na Lusekelo, kaka yangu, na halikupata hata kokoto. Hawajajibu. Hawatajibu. Hao siwezi kuwafikia.

Shangazi naweza.

*

Naendelea. Leo ni Jumapili, jana imepita.

Watu walijaa uani. Wifi alikuwa amekaa na mtoto aliyefungwa shali jeupe. Sala ikasaliwa. Shangazi akasimama, akanyoosha mikono apewe mtoto. Nilijua akishampokea ndiyo basi. Nikasimama.

"Shangazi, kabla hujalitaja, naomba," nilisema. Hakuna aliyesikia. Nikasema tena kwa nguvu, ikatoka kama kelele ya mbuzi. Watu wakageuka.

"Una nini wewe?" Shangazi akauliza. "Unaumwa?"

Nilienda jikoni nikaleta ndoo yangu ya bluu, niliyokuja nayo ya kuchotea maji. Nikavuta kigoda katikati ya ua. Nikavua kitambaa kichwani. Nikakaa, nikapakata ndoo, nikaishika ukingo kwa mikono miwili, nikaiinua mpaka kwenye pua. Nikamtazama juu ya ndoo.

"Shangazi, mtoto uliyemwona Mlowo ni huyu?"

Mtu mmoja akaguna. Shangazi akaja karibu, akainama, akanitazama kama anavyoitazama kahawa yenye wadudu.

"Mikono ilikuwa hivyo hivyo," alisema. "Lakini ulikuwa upande wa dereva!"

Wifi Neema, ambaye hajawahi kumjibu Shangazi hata mara moja, akasema bila kuinuka, "Magari ya Kongo usukani uko kushoto, Shangazi. Tunduma hata mtoto wa chekechea anajua."

"Sasa Lusekelo alikuwa anacheka nini?"

"Alikuwa ananicheka mimi," nilisema. "Nilikataa kushuka. Niliona aibu. Mimi ndiye niliyeshika ndoo, yeye ndiye aliyeshika usukani." Na kwa kuwa sauti ilikuwa imeshatoka, hasira ikaifuata. "Shangazi, umesema alikuwa na mbio. Kama lile gari lilikuwa linakimbia, uliwezaje kuona kwamba nimenyolewa? Uliwezaje kuhesabu mikono yangu?"

Shangazi akarudi akakaa kwenye kiti chake. Namchukia na nampenda kwa alichosema baada ya hapo, kwa sababu angeweza kudanganya na hakuna ambaye angejua.

"Lilikuwa linatambaa," alisema. "Hata kuku alipita mbele yake. Nakumbuka yule kuku."

Mtu akacheka. Halafu wengi. Mama hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi, na kichwa changu, na ndoo.

Shangazi hakuniomba radhi, Kaka. Hakumwomba Mama radhi. Nilitaka aombe, na bado nataka, na sidhani kama hasira hii itaisha kwa sababu tu mambo yamekwenda vizuri. Alisema tu, "Mleteni." Akampokea, akamfunua uso, akayashika yale masikio. Akasema kwa ile sauti yake isiyojua kunong'ona, mpaka majirani wakasikia ng'ambo ya mashamba: "Lusekelo."

Sasa nakuaga. Lala, Kaka. Nitamfundisha mwanao ile nasaba kama ulivyonifundisha mimi, na nitaisahihisha: daktari wa meno akamwachia mwanawe, mwanawe akamwuzia Mjapani, wana wa Mjapani wakamwuzia tajiri, na kutoka Mbeya mpaka Tunduma lilikuwa mikononi mwa Lusekelo, baba yako, aliyelivusha kila tuta. Nitamwambia kila atakaponiuliza, na asiponiuliza pia. Siri yako nimeivunja na sitaiunganisha tena.

Jana watu walipotawanyika, Mama alinifuata jikoni. Aliniuliza kama ni kweli nilikaa ndani ya lile gari. Nikasema ndiyo. Akauliza lilikuwaje. Nikamweleza yale mabega yasiyolingana, na taa zinazoamka, na harufu ya ngozi, na klak ya ile gia, na jinsi ulivyocheka. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema mtoto hajaoga. Nikachukua ndoo yangu, nikaenda bombani nikachota maji, nikarudi nayo, akayachanganya na ya moto, tukamwogesha Lusekelo.

Mdogo wako,
Profesa